Utando wa Bi Mize

Waliokuwepo siku ile ni hawa: Daktari Nassor, bingwa wa macho, aliyeletwa Pemba kwa muda mfupi akakaa mpaka mvi zikamkuta hapa hapa; Othman, fundi wa maabara kutoka Unguja, aliyeamini kwamba Pemba ni adhabu aliyopewa kwa kosa ambalo hakuambiwa; Bi Mize wa Wesha na ndoo yake ya bluu yenye kifuniko; Zuwena, binti yake, aliyelala chumba cha pili akiwa ametoka kupasuliwa; mtoto wa Zuwena, aliyekuwa hajapewa jina; Mzee Maulid mwenye tanuu la chokaa; mdogo wangu Makame, amelala chali na uso mweupe kama ukuta wa Idd; na mimi, Asha. Mtu mwengine akikusimulia kwamba naye alikuwepo, mwambie Bi Asha amesema ni mwongo. Tangu jicho lile lipone, waliokuwepo wamekuwa wakiongezeka kila mwaka, na hivi sasa tungehitaji uwanja wa Gombani kutuenea.

Nimeombwa niwaandikie nyinyi vijana mnaoingia katika kazi hii ya kutengeneza nyama za kupandikiza. Nimestaafu. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu, na ulimi peke yake ndio ulioomba kuongezewa mkataba. Mmesoma kunishinda, jambo ambalo si gumu, kwani skuli niliiacha darasa la sita. Baba alianguka mkarafuu, mama akamfuata kabla hajatoka eda, nikabaki na wadogo watatu na sufuria mbili. Makame, wa mwisho, alikuwa bado anatambaa. Watu waliokuja matangani walisema Mungu atatuangalia, wakala, wakanawa, wakaenda zao. Mungu alituangalia kweli. Wao sijawaona tena.

Nililea kwa sambusa. Kisha nikapata kazi ya kupiga deki hospitalini, na sambusa zikawa za jioni. Hospitali yenyewe siitaji, maana waliokuwa wakubwa wake wakati huo bado wako hai na bado wanapenda kusifiwa.

Sasa hii kazi yetu. Nyinyi mna majina marefu ya kuiita. Sisi tuliiita kutia viraka. Mtoto akiwa tumboni hukaa ndani ya chupa, na chupa hiyo ina ngozi nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, imejaa seli zilizo hai. Jicho likiungua kwa moto au kwa dawa, ukaishona ngozi hiyo juu yake, moto hutulia, kovu hukosa nafasi, na seli za jicho hupata pa kutambaa mpaka zijifunike zenyewe. Daktari Nassor alilieleza hivyo mbele ya mkutano wa watu wa mitaa ya Madungu, kwa picha na kwa mikono, kwa muda wa kutosha kupika biriani. Alipomaliza, mzee mmoja aliuliza kama dawa hiyo inatibu pia mgongo.

Chumba chetu kilikuwa stoo ya mashuka. Othman alitaka msaidizi mwenye cheti, wakampa mimi na ndoo yangu. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala, akasema, "Wewe ndo mtaalamu?"

"Ndo mimi."

"Unajua nini?"

"Kubandua manda za sambusa bila kuzitoboa."

Hakucheka. Alinipa utando wa kwanza niubandue, maana kwenye chupa ya mtoto kuna ngozi mbili zimeshikana, na tunayoitaka ni ile ya ndani. Nikajiona nimefika nyumbani. Nilikuwa nimebandua manda tangu kifua changu hakijaota. Nikashika ncha, nikavuta kama ninavyovuta manda, ikachanika kutoka kona hadi kona. Ya pili nayo. Othman alikaa juu ya kiti akinitazama kwa furaha ambayo sikuwahi kumuona nayo tangu ashuke melini.

"Bi Mkubwa," akasema, "manda umeipika, imekufa. Hii iko hai. Hii usiivute, ifuate."

Ni kweli. Miaka yote niliyofanya kazi ile sikupata fundisho bora kuliko hilo, na lilitoka kwa mtu aliyekuwa akila urojo wa Pemba huku akiulaani. Utando haubanduliwi kwa nguvu. Unaanza pembeni, unapitisha kidole kilicholowa maji ya chumvi, unaona wenyewe unapotaka kuachia, unakwenda huko. Ukikaza, unachanika. Mnaofundishwa sasa kwa video mnaweza kuitazama video hiyo mara mia. Kidole hakina macho, kinataka kufanya.

Kosa langu la pili nitalisema kwa kuwa mtalifanya na nyinyi. Utando una pande mbili, wa kuteleza na wa kunata. Wa kunata ndio unaokaa juu ya jicho. Kwa macho huwezi kuzijua, zote zinang'aa. Mara moja nilimkabidhi daktari utando nilioutandaza kinyume juu ya karatasi yake. Akaushona vizuri sana. Kesho yake mgonjwa alikuja nao kwenye leso, umetoka wenyewe, akauliza kama ndiyo imekwisha au kuna mwengine. Basi Othman akanifundisha kugusa kwa ncha ya pamba: upande wa kunata huvutika uzi mwembamba kama bamia, upande wa pili hauvutiki. Msiache kugusa, hata mkiwa na haraka, hasa mkiwa na haraka.

Na friza. Siwezi kuliacha friza. Walikuja wageni na friza refu kama jeneza, linalotakiwa kuwa na baridi ambayo hakuna Mpemba amewahi hata kuiota, ili seli za utando zilale ndani yake bila kufa. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa, nikavishwa koti jeupe ili nionekane, wakalichukua koti wakaondoka nalo. Umeme wetu wakati huo ulitoka kwenye majenereta, na majenereta nayo yalikuwa na siku zao za kuumwa. Friza likageuka kabati. Kuna mtu aliyekuwa akiweka samaki wa changu humo mwezi wa Ramadhani. Simtaji, kwa sababu baadaye alipandishwa cheo. Sisi tukarudi kwenye chupa za glisirini, zisizohitaji umeme wala utepe. Ndani ya glisirini seli hufa, lakini utando hubaki, na kwa majeraha mengi unatosha.

Kwa jicho la Makame haukutosha.

Makame alikuwa kijana wa ndevu changa wakati huo, anafanya kazi kwa Mzee Maulid, kwenye tanuu la chokaa nyuma ya Gombani. Nilimkataza. Nikamwambia achague kazi yoyote isiyo na moto, kwa sababu alikuwa na jicho moja tu. La kushoto lilikufa kwa surua akiwa mdogo, mikononi mwangu. Akachagua chokaa, akanieleza kwamba chokaa ikishaiva haina moto. Huyo ndiye niliyemsomesha mpaka akamaliza skuli.

Siku ile gunia lilipasuka mbele ya uso wake. Sasa sikilizeni kosa la wachoma chokaa, maana ni kosa la watu wenye ujuzi. Mtu asiyejua chochote angemmwagia maji. Wao wanaijua chokaa. Wanajua chokaa kavu ikikutana na maji huchemka mpaka pipa linatoa moshi. Kwa hiyo wakahakikisha tone la maji halimfikii.

Niliposikia kelele nilitoka na chupa mkononi. Walikuwa wamemleta hospitali kwenye mkokoteni, uso unang'aa.

"Mmemwosha kwa maji?" nikauliza.

Mzee Maulid alinitazama kama niliyependekeza petroli. "Maji, Bi Asha? Chokaa na maji? Si itachemka jichoni? Tumemtia mafuta ya nazi. Yale safi, ya kukamua."

"Mafuta safi," nikasema. "Na kitunguu hamkumkatia?"

Jicho lina maji yake tangu mwanzo, ndiyo machozi. Yale mafuta yaliishika chokaa pale pale, ichemke taratibu. Basi wachukueni hili hata mkisahau mengine yote: chokaa ikiingia jichoni, maji, mengi, papo hapo, ya bomba, ya kisima, ya ndoo ya jirani, kope imegeuzwa, na maswali baadaye. Maji kidogo ndiyo yanayochemsha chokaa. Maji mengi huiondoa.

Tukamwosha, chupa baada ya chupa ya maji ya chumvi, Othman akigeuza kope na kutoa chembe nyeupe kwa ncha ya pamba. Makame hakulia. Mwisho akasema, "Dada, umeme umekatika tena?"

Ilikuwa mchana na jua limejaa dirishani.

"Umekatika," nikamwambia.

Daktari Nassor aliinama juu yake na tochi kwa muda mrefu. Alipoinuka alinivuta pembeni. "Kioo cha jicho kimekuwa cheupe karibu chote. Asha, nikipata utando mbichi, wenye seli hai, leo hii, tuna nafasi. Huu wa kwenye glisirini..." Hakumaliza. Alikuwa mtu mpole, maneno mabaya huyaacha njiani uyamalizie mwenyewe.

"Mbichi upo," Othman akasema. "Zuwena wa Wesha, kapasuliwa sasa hivi. Damu yake ilipimwa, safi. Zalio limo ndani ya bakuli lake, limefunikwa, halijaguswa. Ila mlangoni kuna bibi."

Mliolelewa mjini nitawaeleza. Zalio ndilo kondo la nyuma, linalotoka baada ya mtoto. Kwetu halitupwi. Linaoshwa, linafungwa kitambaa cheupe, linazikwa kiamboni, na hapo ndipo mtu anapopaita kwao. Akina mama wengi tuliwaomba utando, tukawarejeshea nyama wakaizike, wakaridhika. Wa Wesha hawakuridhika hata mmoja. Othman aliwahi kutumwa huko kuomba kwa heshima, na hati yenye muhuri. Alirudi kanzu imelowa maji yaliyooshewa samaki.

Bi Mize alikuwa amekaa juu ya benchi, ndoo baina ya miguu, kitambaa cheupe kimekunjwa begani, anatafuna tambuu.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Nletee zalio langu niende zangu, nyumba i tupu."

"Bi Mize, nna shida."

"Kila ntu ana shida. Mie nna ndoo."

Nikakaa chini, sakafuni, kwa kuwa benchi lilikuwa lake. Nikamweleza kwamba nyama yote ataondoka nayo, sisi tunataka utando tu, ule mwembamba.

"Kanga ukiikata pindo," akasema, "huwa kanga hiyo?"

"Hapana, Bi."

"Ntu hazikwi nusu. Wajukuu zangu wote nimewazikia zalio kwa nkono wangu huu, na juu ya kila zalio mnazi. Njoo Wesha uione safu. Haina pengo. Leo nende nikazike zalio lisilo na ngozi, nipande mnazi juu yake, mwana akikua aseme kwao ndo hapa? Robo yake haipo."

Ningekuwa na shahada labda ningempa jibu la kitaalamu, na labda lingekuwa baya zaidi. Nikasema, "Ndugu yangu ana jicho moja tu, nalo ndilo hilo."

Akaacha kutafuna. "Nnake yuko wapi?"

"Kafa."

"Babake?"

"Kafa."

"Kalelewa na nani?"

"Na mie."

Alinitazama. Kisha akatema tambuu kwenye leso, akaikunja, kama mtu anayeahirisha shughuli. "Sitoi," akasema. "Naazima. Jicho likipona, utando wangu unarejea, nauzika na mwenzake, ndo napanda mnazi. Mpaka siku hiyo sipandi."

Nyuma yangu Daktari Nassor akasema taratibu, "Asha, usimuahidi—"

"Nitaurejesha," nikasema.

Zuwena naye akaulizwa, kwa kuwa mwili ni wake. Ganzi ilikuwa ya mgongo na macho yako wazi. "Mama kasemaje?" akauliza. Tukamwambia amekubali. "Mama yangu?" akasema. "Mna hakika mmezungumza na yule yule?" Kisha akakubali, akageuka kumtazama mwanawe.

Tukadhani Bi Mize ataendelea kukaa kwenye benchi. Akainuka na ndoo yake. "Ntu huazima kitu chake asikione kinakopelekwa?" Othman akaanza kueleza habari za vijidudu. Bi Mize akanyosha mikono avishwe. Akavaa gauni la kijani juu ya baibui, kofia juu ya mtandio, barakoa, na kwa umbo lake akaonekana daktari kuliko daktari. Ndoo ilibaki nje, kwa mkataba kwamba Mzee Maulid akae karibu nayo na asiiguse. Huyo alikuwa tayari kukaa karibu na chochote siku ile.

Othman alibandua, mimi nikashika upande wa pili. Tuliosha utando kwa maji ya chumvi yenye dawa mpaka damu yote ikatoka, ukabaki kama moshi uliokamatwa. Bi Mize alisimama nyuma ya mabega yetu. "Wateleza kama pweza," akasema. Baadaye akasema, "Kumbe tumekaa ndani ya kitu kama hiki sote." Vidole vyetu vilikuwa vinaufuata ulipotaka kwenda. Tukautandaza juu ya karatasi. "Upande gani huu?" Othman akaniuliza. Nikagusa kwa ncha ya pamba, uzi ukavutika. Nikagusa tena. Nikagusa mara ya tatu, mpaka akasema, "Bi Mkubwa, inatosha, unanata."

Daktari Nassor alishona kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Jicho lilikuwa na ganzi lakini mtu mzima hakuwa nayo. Miguu ya Makame ilikuwa inatikisika, kitanda kinagonga ukuta. Mikono yangu ilikuwa safi na hairuhusiwi kushika kitu. Bi Mize akaenda mwisho wa kitanda akamkamata vifundo vya miguu.

"Tulia, mwana," akasema. "Hicho unachotiwa si chako. Usikiharibu."

Makame akatulia. Mimi nilimlea tangu anatambaa na hajawahi kutulia kwa neno langu.

Siku zilizofuata sizielezi, mnazijua, ni za matone na kungoja. Daktari alifungua bandeji, akafunga, akafungua. Halafu asubuhi moja alifungua na kumwambia Makame aseme anaona nini. Makame akanigeukia, akanitazama kwa muda mrefu, machozi yananitoka, nangoja.

"Dada," akasema, "kumbe umezeeka hivi."

Hiyo ndiyo shukurani ya jicho. Ilinitosha kwa mwaka mzima.

Bi Mize alikuja baada ya kusikia. Alikuja na kitambaa cheupe, kilekile au cha namna ile, akakitandaza juu ya meza ya Daktari Nassor. "Nsikia kapona. Nipeni changu."

Daktari akamweleza kwa subira yote aliyokuwa nayo. Sehemu iliyobanduka ilikuwa vipande kama ngozi ya nyoka, tumeviweka kwenye kichupa, hivi hapa. Lakini uliobaki umeingia ndani ya jicho. Seli za Makame zimetambaa juu yake, zimeushika, umeyeyuka humo. Hapana mtu duniani anayeweza sasa kusema huu wake, huu wenu.

Bi Mize akakiangalia kichupa, akanigeukia mimi. "Ntu akija kukuazima sufuria, kisha akurejeshee kifuniko, akwambie sufuria imeyeyukia jikoni, weye utamwambiaje?"

"Nitamwambia ana deni," nikasema.

"Haya."

Tukamwita Shehe wa mtaa, mtu mwema, akasema kwamba huku si kunyonya ziwa moja, undugu haupatikani kwa jicho, na kitu kilichoharibika kikitumika kwa kheri mwenyewe akisamehe anapata thawabu. Alisema vizuri sana. Bi Mize akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Shehe, weye umezika zalio ngapi?" Shehe akaomba maji ya kunywa.

Basi Bi Mize mwenyewe akatoa hukumu. Vile vipande atavizika pale alipoizika nyama. Mnazi hapandi. Jicho litarejea na mwenyewe. Makame akifa azikwe kiamboni kwake Wesha, pale pale penye pengo, na hapo mnazi utapandwa.

"Bi Mize," Makame akasema, "mie bado kijana."

"Mie nimekuharakisha? Nimesema ntangoja."

Na aliungoja mzigo wake kwa adabu. Kila Idd alituma salamu: muulizeni Bi Asha, nduguye hajambo? Hatukujua kama anamtakia afya au anakagua amana. Makame alipopata homa kali mwaka mmoja, Bi Mize alipeleka uji, akakaa mlangoni mpaka mgonjwa akatoka jasho, akaondoka. Makame alisema hajawahi kupona kwa haraka namna ile. Alimwona bibi anakitazama kitanda, akadhani anapima urefu wa kaburi.

Mtoto akaitwa Raya. Akakua, na katika safu ya minazi ya kiambo kile kila mmoja wa ndugu zake ana wake, na yeye ana pengo. Skuli walimtania kwamba yeye hakuzaliwa, aliokotwa. Akawajibu kwamba robo yake imo jichoni mwa fundi cherehani wa Madungu, na ndiyo inayowashonea sare. Maana Makame aliacha chokaa, akashika cherehani, na mpaka leo huingiza uzi kwenye sindano bila miwani, halafu huwatazama walio na macho mawili kwa huruma. Raya hashonewi na mwengine nguo ya Idd isipokuwa yeye. Kwa ajili yake Makame huiacha kazi ya watu wote, ikiwamo yangu, niliyemlea.

Siku hizi mambo yamebadilika, na sisemi yameharibika. Nimekaribishwa juzi kwenye semina yenu. Nikaona utando umekaushwa, uko kwenye pakiti kama biskuti, umetoka nchi ya mbali. Unakata kwa mkasi, unaloweka, unaweka. Pande zake zimetiwa alama, hamhitaji hata pamba. Nikaona pia picha za seli zinazooteshwa ndani ya visahani juu ya kitu kama jeli, mpaka zinakuwa kipande cha kupandikiza. Kijana mmoja mwenye kanda shingoni akanieleza polepole, kwa sauti ya juu, kama mtu anayeongea na kiziwi kutoka Ulaya. Nikamuuliza: "Na hizi zilitoka kwa nani?"

"Kwa kampuni, bibi."

"Kampuni ilizaa?"

Akacheka, akaniletea soda. Kijana mzuri. Lakini sikuuliza kwa mzaha. Kila kitu mnachokikata kwa mkasi kilitoka ndani ya mtu, na mlangoni palikuwa na mtu wa pili, ana ndoo. Labda aliombwa, labda hakuombwa. Mkiweza kujua, jueni. Na mkiomba wenyewe, msikubali neno kuazima kwa kitu ambacho mwili utakimeza. Mimi nililikubali, nikijua. Ingekuwa leo ningelikubali tena.

Bi Mize alifariki baada ya mimi kustaafu. Kabla ya hapo aliniita, amelala, sauti imekuwa ndogo lakini hesabu ziko palepale. Akamshika Raya mkono, akaniambia, "Sasa atakudai huyu." Nikasema, "Nimesikia." Makame alibeba jeneza. Mimi niliangalia lile pengo tulipopita, limefagiliwa, halina hata jani.

Hesabu yake ni rahisi hata kwa mtu wa darasa la sita. Niliyeahidi ni mimi. Ili nilipe, sharti nimzike Makame. Yeye ni wa mwisho na mimi ni wa kwanza, na tangu baba alipoanguka kazi yangu imekuwa moja tu, kuhakikisha wale watatu hawanitangulii. Waumini wenzangu wakimaliza sala huomba wasife na deni. Mimi hukaa nao, nikafika hapo nikanyamaza, wakaitikia amina peke yao.

Idd iliyopita nilikwenda Wesha. Raya alikuwa uani anafagia, watoto wake wanakimbizana baina ya minazi, wanaliruka pengo kama mtaro. Akaniamkia, akaniletea kiti, akanimiminia chai. Tukakaa.

"Bi Asha," akasema, bila kunitazama, "Mjomba Makame hajambo?"

"Hajambo. Anashona."

"Basi bado?"

"Bado, mwanangu."

"Alhamdulillahi," akasema, akainuka, akaendelea kufagia.